Laptopu uliyoletewa siyo uliyoambiwa: pa kuanzia kabla ya kurudi dukani

Tangazo linasema "i5, RAM 8, SSD 256, kioo Full HD, safi kama mpya". Pesa inatumwa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi Dar es Salaam, jioni unachukuliwa stendi ya Kange, Tanga. Kesho yake kijana wa jirani anayejua kompyuta kidogo anaiwasha, anafungua ukurasa wa sifa zake na kutikisa kichwa: "Hapa umepigwa. Diski ni 238 siyo 256, na prosesa ni 1.6 siyo 3.4."

Ugomvi na muuzaji huanzia hapo, na mara nyingi huanzia mahali pasipo na kosa. Katika mfano huu diski iko sawa, na prosesa nayo huenda iko sawa. Lakini laptopu hiyohiyo inaweza kuwa na kasoro ya kweli ambayo hakuna aliyeitazama: kioo cha ubora wa chini kuliko kilichotangazwa, au prosesa ya mwaka 2015 iliyojificha nyuma ya neno "i5". Mnunuzi anadai kisicho haki yake, muuzaji anamthibitishia kwamba amekosea, na lile dai la kweli linapotea pamoja na la uongo. Ndiyo maana inafaa kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa kila siku: namba inayoonekana pungufu bila kupungua, neno la kweli lililoficha jambo, na kifaa ambacho kweli sicho.

Fundi, meza na kabati

Chukua duka la fundi cherehani pale Ngamiani. Prosesa ni fundi mwenyewe, yeye ndiye anayefanya kazi. RAM ni meza ya kukatia: ikiwa pana, vitambaa vingi vinatandikwa kwa mara moja, ikiwa finyu, kila dakika anakunja hiki ili atandike kile. Diski ni kabati la vitambaa. Jioni duka likifungwa meza inaachwa tupu, ila kabati linabaki na vilivyomo. RAM nayo husahau kila kitu umeme ukikatika, diski haisahau.

Meza na kabati vyote hupimwa kwa futi, lakini hakuna anayedhani ni kitu kimoja. RAM na diski vyote hupimwa kwa GB, na hapo ndipo wengi huteleza. Mtu akikuambia anauza "laptopu ya GB 500" amekueleza kabati tu. Meza hajaitaja.

Makabati nayo ni ya aina mbili. Diski ya zamani, iitwayo hadi diski (hard disk, au HDD), ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma juu yake, na kwa kawaida husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka: ile inayopita njia ya SATA hufikia karibu MB 550 kwa sekunde, na ile ya NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, mara nyingi hupita 2,000. Tofauti hiyo utaiona kwa macho. Windows inayochukua dakika mbili kuwaka kwenye hadi diski huwaka kwa sekunde chache kwenye SSD. Kwa hiyo aliyeahidiwa SSD akapewa hadi diski ana haki ya kulalamika hata kama hadi diski hiyo ina GB nyingi zaidi.

Namba zinazotisha bila kosa

Tuanze na 238. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu GB moja kuwa baiti 1,073,741,824, lakini bado huiandika "GB". Ni mchele uleule, mmoja kaupima kwa kibaba kidogo na mwingine kwa kibaba kikubwa, kwa hiyo idadi ya vibaba inatofautiana. Diski ya GB 128 itaonekana 119, ya 256 itaonekana 238, ya 512 itaonekana 476, ya 500 itaonekana 465, na ya TB 1 itaonekana 931. Ukiona namba hizo, hakuna aliyekuibia.

Ukiona diski C ina GB 100 tu wakati umeambiwa 500, usipige simu bado. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha tazama mchoro wa chini. Huenda diski imegawanywa na kipande kingine hakijapewa herufi. Hilo hurekebishwa papo hapo bila kununua kitu.

RAM ya GB 8 kuonyesha 7.8 zinazotumika ni kawaida, kwa sababu sehemu ndogo imetengewa kazi ya kuchora picha kwenye skrini. Lakini ikiandikwa kwamba iliyofungwa ni 8 na inayotumika ni 3 na kitu, mara nyingi Windows iliyowekwa ni ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4. Kifaa ni kizima, aliyeweka Windows ndiye aliyekosea, na dawa ni kuweka ya biti 64. Ikiwa ukurasa wenyewe unasema iliyofungwa ni 4 wakati mwanzoni ilikuwa 8, huenda kadi moja ya RAM imelegea au miguu yake imeshika kutu. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga jambo hili si geni, hasa kwa laptopu iliyokaa miezi karibu na dirisha linalotazama bahari. Fundi huchomoa betri kwanza, hutoa kadi, husafisha miguu ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli au kwa spiriti safi, kisha huirudisha mpaka isikike imejifunga.

Na ile 1.6? Prosesa huwa na kasi ya msingi na kasi ya juu inayofikiwa kwa muda mfupi kazi ikizidi. Intel i5-8250U, kwa mfano, msingi wake ni GHz 1.6 na kilele chake ni 3.4. Muuzaji ametaja kilele, Windows imetaja msingi, na wote wawili wamesema kweli. Ila kompyuta ikikwama kwenye kasi ya chini muda wote, tazama chaja kabla ya kulaumu prosesa. Laptopu za Dell, kwa mfano, zikishindwa kuitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa na hukataa kuchaji betri, na ujumbe wa onyo hutokea wakati wa kuwaka.

Maneno ya kweli yanayoficha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na hapa ndipo muuzaji anaweza kukufanya ujute bila kusema uongo hata mmoja.

Neno "i5" pekee halitoshi. Intel ilianza kulitumia mwaka 2009, na prosesa zenye jina hilo zimeachana sana kwa uwezo. Linalohitajika ni namba nzima inayofuata. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza, 6, ni kizazi cha sita. Kwenye i5-8350U ni cha nane. Kwenye i5-1135G7, tarakimu mbili za kwanza, 11, ni kizazi cha kumi na moja. Kutoka cha sita na cha saba kwenda cha nane, prosesa za i5 na i7 za laptopu za kawaida zenye herufi U zilitoka viini viwili hadi vinne. Ni kama duka kuongeza mafundi kutoka wawili kuwa wanne. Kwa hiyo ile imani kwamba "i7 lazima iipite i5" si kweli: i7-7500U ina viini viwili, i5-8250U ina vinne, na kwa kazi nyingi i5 hiyo huishinda i7 hiyo.

Kizazi kina uzito mwingine tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inahitaji, ukiacha prosesa chache, Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu ya kizazi cha sita ikiuzwa na Windows 11 ndani yake, imewekwa kwa njia ya kuzunguka masharti. Itafanya kazi, lakini muuzaji alipaswa kukuambia.

Prosesa za AMD, kampuni inayoshindana na Intel, nazo zina mtego wake. Kwenye namba kama Ryzen 5 7520U, ile 7 ya mwanzo inaelezea mwaka wa toleo tu. Undani wa prosesa uko kwenye tarakimu ya tatu: 2 ni muundo wa zamani wa Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Kwa hiyo 7520U na 7540U zinafanana kwa jina kuliko zinavyofanana kwa kazi.

Neno "SSD" hutumiwa vibaya kwenye laptopu ndogo za bei nafuu zenye eMMC ya GB 32 au 64. Hiyo ni kumbukumbu ya aina inayopatikana kwenye simu, imechomelewa kwenye bodi na ni ya polepole kuliko SSD. "HD" nayo si "Full HD": ya kwanza ni nukta 1366 kwa 768, ya pili 1920 kwa 1080. Na "mpya" huthibitishwa na diski yenyewe. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imekuwa ikiwaka. Diski yenye saa 9,000 imewaka zaidi ya mwaka mzima usiku na mchana, maana mwaka una saa 8,760. Laptopu ya namna hiyo ni mtumba hata ikiletwa kwenye boksi lililofungwa kwa nailoni.

Kupima kwa nusu saa

Fanya kazi hii siku unayoipokea, kabla hujaweka mafaili yako. Kama umeinunua dukani mjini, ifanye palepale kaunta. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Anza na BIOS, ukurasa unaofunguka kabla ya Windows. Kwa Dell bonyeza F2 mara inapowaka, kwa HP bonyeza Esc kisha F10, kwa Lenovo ThinkPad bonyeza F1. Humo utaona prosesa, kiasi cha RAM na namba ya utambulisho ya mashine. Sababu ya kuanzia hapo ni moja: jina la prosesa linaloonekana ndani ya Windows linaweza kubadilishwa na mtu mwenye nia mbaya, awe ameandika i7 mahali pa i3. Kulibadilisha kwenye BIOS ni kazi ngumu zaidi. Kurasa mbili zikipingana, iamini BIOS.

Ukishaingia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha chagua "Performance". Ukibofya CPU utaona jina kamili na idadi ya viini. Ukibofya Memory utaona kiasi, kasi, na nafasi ngapi za kadi zimetumika kati ya ngapi. Utazame pia mstari wa "Form factor": ukisema SODIMM, RAM ni kadi inayochomoka, ukisema "Row of chips", imechomelewa kwenye bodi. Ukibofya Disk utaona kama ni HDD au SSD, pamoja na jina la kifaa.

Kwa betri, fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikiwa imejaa. Kama kiwandani ilikuwa 50,000 na sasa ni 29,000, imebaki asilimia 58. Kwa laptopu ya mtumba hilo peke yake si udanganyifu, isipokuwa uliahidiwa betri mpya.

Piga video moja isiyokatwa: anza na kibandiko cha chini chenye namba ya mashine, nenda kwenye namba hiyohiyo ndani ya BIOS, halafu kurasa za Windows. Picha zilizotengana zinaweza kubishiwa kwamba ni za mashine mbili. Video moja ni ngumu kubishiwa. Hifadhi pia picha ya tangazo lenyewe, maana matangazo ya mtandaoni hufutwa haraka baada ya malalamiko.

Usifungue mfuniko wa chini. Screw ikichubuliwa au kibandiko cha dukani kikichanika, muuzaji atasema vifaa umebadilisha wewe, na utakuwa umempa hoja.

Kinachobadilika na kisichobadilika

Kabla hujaamua udai nini, jua kama kosa linaweza kusahihishwa kwenye mashine hiyohiyo. Hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata.

RAM pungufu, ikiwa ni ya kadi na kuna nafasi, ni kosa jepesi. Uliahidiwa 16, umepata 8 kwenye nafasi moja kati ya mbili: muuzaji aongeze kadi ya 8 ya aina ileile. Aina ni muhimu. Kadi ya laptopu ya DDR3 ina miguu 204, ya DDR4 ina 260, ya DDR5 ina 262, na pengo la katikati limewekwa tofauti ili zisiingiliane. Anayelazimisha huvunja soketi. DDR3L hutumia volti 1.35 wakati DDR3 ya kawaida hutumia 1.5, na laptopu nyingi za kizazi cha nne kwenda mbele hukataa hiyo ya 1.5 hata kama inaingia vizuri.

Hadi diski mahali pa SSD nalo linatengenezeka, mradi uulize njia iliyopo. Nafasi ya inchi 2.5 inataka SSD ya SATA, na mara nyingi yenye unene wa milimita 7. Nafasi ya M.2, inayopokea SSD ya umbo la kadi nyembamba, inaweza kuwa ya SATA, ya NVMe au ya zote mbili, na fundi akiweka NVMe kwenye nafasi ya SATA mashine haitaiona kabisa. Pima na urefu: kadi ya 2280 ni milimita 80 na haiwezi kukaa penye nafasi ya 2242.

Kioo hubadilika pia, ila si kila kioo hukubali kila laptopu. Waya wa miguu 30 na wa miguu 40 haviingiliani, na kioo cha kugusa ni jambo jingine kabisa. Kama kosa ni kioo, ni bora kubadilishiwa mashine nzima.

Prosesa haibadiliki. Kwenye laptopu karibu zote za miaka ya karibuni imechomelewa kwenye bodi, na ndivyo ilivyo kwa eMMC na kwa RAM ya "Row of chips". Muuzaji akikuambia "ilete kwa fundi wetu akuwekee i7", anazungumzia kubadilisha bodi nzima, na mara nyingi bodi hiyo itatoka kwenye mashine nyingine iliyokufa. Kwa makosa ya aina hii usikubali matengenezo. Dai mashine nyingine, pesa yote, au kama mashine bado inakufaa, tofauti ya bei.

Kudai

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Tangazo lililosema "SSD 256" ni maelezo. Yale maandishi kwenye risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", hayafuti wajibu huo. Yanaweza kumzuia aliyebadili mawazo juu ya rangi. Hayamgeuzi aliyepewa kitu kingine kuwa amekikubali. Lakini sheria hiyohiyo humhesabu mnunuzi kuwa amekubali akikaa na bidhaa muda mrefu kupita kiasi bila kusema kitu. Siku ya kwanza au ya pili inakupa nguvu. Mwezi wa tatu, baada ya mtoto kujaza michezo, nguvu imekwisha.

Anza kwa heshima. Wauzaji wengi wa mtumba hununua kwa kontena au kwa jumla, na baadhi yao hawajawahi kuifungua BIOS ya mashine waliyokuuzia. Lakini andika, usiishie kupiga simu tu, kwa sababu ujumbe wa maandishi unakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari za leo kaka. Jana nimepokea laptopu niliyolipia kwa lipa namba yako, risiti ninayo. Tangazo lilisema SSD 256 na RAM 16. Iliyofika ina hadi diski ya 500 na RAM 8, nimekutumia video ikionyesha namba ya mashine. Sijaifungua wala kuweka kitu. Naomba mojawapo: uniletee iliyotajwa, au uweke SSD na RAM hizo kwa gharama yako, au unirudishie pesa. Naomba jibu kabla ya Ijumaa jioni."

Ukiamua tofauti ya bei, ihesabu kwa vifaa: bei ya SSD, bei ya kadi ya RAM na ujira wa fundi, kutoka maduka mawili hapa mjini. Dai lenye hesabu hulipwa mapema kuliko dai la "nirudishie kidogo". Mashine ikirudi Dar kwa basi, kubalianeni kwa maandishi nani analipa nauli ya mzigo, piga video ukiifunga, na uandike namba ya mashine kwenye stakabadhi ya basi.

Risiti inayofaa ni ya EFD, ile mashine ya kodi ya kielektroniki. Muuzaji anawajibika kuitoa na mnunuzi anawajibika kuidai, na uhalali wake huhakikiwa kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Kama ulinunua bila hiyo, ujumbe wa malipo ya simu na mazungumzo yenu bado ni ushahidi, ila hakikisha jina lililopokea pesa linahusiana na duka.

Muuzaji akikaa kimya, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo pia inakataza kumpotosha mlaji. Ikiwa ni mtu aliyechukua pesa akafunga akaunti, au aliyebadilisha jina la prosesa kwa makusudi, hilo ni suala la polisi, maana kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Kote uendako utaulizwa mambo yaleyale manne: tangazo, malipo, namba ya mashine, na tarehe uliyomjulisha muuzaji. Viweke kwenye bahasha moja, na nakala kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani.